Kistari Kinachopepesa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na kabla hujaanza kugomba, pole na kazi. Kifua chako kinaendeleaje? Natumaini baridi ya huko imekuacha upumue. Sisi hatujambo. Mama hajambo kuliko ninavyokuambiaga, na hilo ndilo limenifanya nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Najua swali lako la kwanza: kompyuta imepona? Subiri, nakuja huko.

Unakumbuka ilivyoanza. Mama alikuwa amekaa sebuleni akisubiri uonekane kwenye kompyuta, kama kila Jumapili. Nikaandika neno la siri, picha ya harusi yako ikachungulia, kisha paa! Tukarudishwa palepale pa kuulizwa neno la siri. Nikaandika tena, tukarudishwa tena. Mama akasema labda wenyewe hawapo nyumbani, twende zetu. Nilicheka, Kaka, halafu nikaenda jikoni kulia.

Fundi wa simu wa pale kona alikuja akasema kila kitu kifutwe, mfumo uwekwe upya. Nikamwambia ajifute yeye kwanza pale mlangoni. Ndipo ukanielekeza kwa simu: nibonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, nitoke kwenye mapicha, niingie kwenye skrini nyeusi ya maandishi matupu. Nikafanya. Sebule ikaingia kiza kidogo, pazia likatulia, na pale juu pembeni kikabaki kistari kimoja cheupe, kinapepesa, kinapepesa. Nilikitazama mpaka nikasahau nilichotaka kuuliza.

Ukaniambia niiulize diski ina nafasi kiasi gani. Ikajibu kwamba imejaa pomoni. Nikakupigia nikuambie, hukupatikana, na mvua ilikuwa inanyemelea, basi nikatoka kuanua nguo.

Nikiwa bado uani nikasikia mlio wa utotoni mwetu. Kaka, ule ule. Nikaingia na kapu la nguo mkononi. Mama alikuwa mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka, vidole vinakimbia kwenye kibodi bila yeye kuvitazama. Mama yuleyule ambaye asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya blauzi yake! Alikuwa akipiga barua ya ofisini, “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, na kila akimaliza mstari kompyuta inamjibu kwamba haiijui amri hiyo. Akaniambia bila kugeuka kwamba bosi huyu mpya ni mbishi, lakini atamzoea.

Yale mapicha madogo madogo yalikuwa yanamtisha, hakujua abonyeze lipi. Weusi ule na kistari kile anavijua, ndivyo zilivyokuwa kompyuta za kwanza za ofisini kwao. Miaka yote aliyotulea kwa kupiga chapa ilikuwa imekaa vidoleni, inasubiri mahali pa kutua.

Tangu siku hiyo, jua likigeukia dirisha la sebuleni, anakaa. Namfungulia ukurasa mtupu, ninamsomea chochote, habari za gazeti, hata maelezo ya chupa ya dawa, naye anapiga. Chai anaimaliza. Ananiita binti wa masijala na kuniambia nisichelewe kazini. Jina langu halijui, lakini ananicheka ninavyopiga domo, na mimi hicho kinanitosha.

Sasa shika kiti. Kompyuta haiumwi, Kaka. Nilishafuta takataka zilizoijaza diski, picha yako ya harusi ikafunguka vizuri kabisa. Kisha mimi mwenyewe nikaiamuru isifungue mapicha tena, ikiwaka iishie kwenye weusi. Kila niliposema bado inasumbua, nilikuwa nakudanganya. Usitume hiyo kompyuta mpya uliyoahidi. Nakuomba, Kaka, na huyo fundi unayetaka kumtuma asikanyage hapa.

Najua unataka akuone. Na mimi nilitaka hivyo. Lakini kila Jumapili ukishakata tu, alikuwa ananiuliza yule kijana ni nani, na mbona ana huzuni. Sikuwa na moyo wa kukuambia.

Jambo la mwisho. Barua hii nimeitamka tu. Aliyeipiga ni yeye. Hata haya yanayomhusu ameyapiga bila kusita. Si alitufundisha mwenyewe kwamba mpiga chapa hasomi mambo ya watu? Nimetamka polepole nikimtazama usoni, na uso wake umetulia kabisa.

Hapa amesimamisha vidole. Ameniuliza kama huyu kijana ninayemwandikia ana mama. Nimemjibu anaye. Amesema basi mama yake naye apelekewe nakala, kwa sababu lazima anamuwaza. Nimemwambia aiongeze chini, panapostahili.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na ukishamaliza kunikasirikia, nipigie.

Mdogo wako,
Kasuku

Nakala: Mama yake