Dada hauzi mashine ng'o

Shoga, huwezi kuamini! Dada kaumbuka mbele ya mteja kutoka kiwanda cha pampu!

Ile mashine yake ya kompyuta ya kuchonga vyuma kaifungia mota kubwa, apokee kazi za kiwandani. Kuiwasha tu, meza ikatetemeka, kisu kikakatika, kipande kikampita mteja sikioni.

Sikioni, shoga!

Shemeji akacheka: "Uza hilo dude, mke wangu."

Dada akamjibu: "Siuzi ng'o! Mota ni nzima, meza ndiyo nyepesi."

Siuzi ng'o! Mbele ya mteja!

Sasa hivi anamwaga zege, anajenga meza mpya. Kampigia mteja: "Rudi wiki ijayo, na ulete chuma kigumu kuliko cha leo." Jamaa kakubali!

Na Shemeji huyo huyo ndiye anayembebea ndoo za zege!