Painti ya Kwanza ya Respicius

Jumanne, 7 Oktoba 2025. Louisville.

Witness, mhariri wangu, kanipa kazi: Mtanzania anayetunza bia ya Kiingereza, ile wanayoiita bita, kwenye baa ya Gahanna, nje ya Columbus. Anaitwa Respicius. Jumamosi tajiri wake anafungua baa ya pili Buffalo, na Respicius ndiye atakayesimamia mapipa yote. Witness anasema nisilete sifa za harusini. Miaka ishirini na sita kazini — bado nafundishwa!

Jumatano, 8 Oktoba. Gahanna.

Saa nne asubuhi, baa haijafunguliwa. Respicius kanifungulia kwa uso wa mlinzi wa geti. Bia inalala kwenye pipa chini ya sakafu, haiongezwi gesi, inavutwa juu kwa pampu ya mkono. Haipozwi sana. Mhaya kamili: anaieleza kama aliivumbua yeye.

Kavuta painti ya kwanza, glasi ya karibu nusu lita, akataka kuimwaga kwenye sinki. Nikamzuia mkono. Nina safari, anipe hiyo hiyo. Akasema nisubiri kidogo. Sikusubiri — anayemwaga ana cha kuficha.

"Haya, kunywa, Mchaga. Ila hii siyo mbege ya bibi yako."

Na hakuonja! Kwetu Marangu mwenye pombe huonja mbele ya mgeni, ndipo ampe. Mama alipika mbege maisha yake yote; hilo hakuliruka hata siku moja.

Rangi ya shaba. Vuguvugu. Povu hakuna. Siki — ulimini, kisha kooni. Nikaiweka chini. Akataka kunivutia nyingine. Nikakataa, nimeshaonja. Kasema nimekuja na hukumu mfukoni. Nikafunga daftari.

Alhamisi, 9 Oktoba. Moteli, Columbus.

Nimetuma. Sentensi ya pili: bia ya Respicius imegeuka siki. Witness kafurahi. Inatoka Jumamosi saa tisa mchana, saa moja kabla ya ufunguzi, na tafsiri ya Kiingereza chini yake. Tajiri ataisoma.

Respicius kapiga simu. Nimeandika nini? Asome, nikamwambia. Kasema mkewe Clara ameshaacha kazi ya kutunza wazee, watoto wameshahamishiwa shule ya Buffalo. Nikamwambia hayo si ya bia. Kakata.

Jumamosi, 11 Oktoba. Buffalo.

Naandika hapa kaunta. Baa iko Lower West Side. Respicius hakunisalimia. Nzigire, mama Mkongo wa jikoni, kanionyesha kiti: "Bon, papa, kaa pale, usitusumbue."

Saa nane na nusu. Respicius kavuta glasi. Kamwaga. Ya pili — kamwaga. Nikamuuliza Nzigire kwa nini wanaharibu bia.

"Ile yenye ililala mu mupira ya pampu usiku muzima ni ya kumwanga, papa! Inakuwaka siki. Donc, haukujua? Mimi natokaka jikoni na najua."

Kacheka hadi wenzake wakachungulia.

Respicius kavuta ya tatu. Kanywa yeye kwanza, taratibu, akiniangalia. Kisha kanisukumia.

"Hii ndiyo ya mgeni, mzee. Ile ulininyang'anya."

Uchungu mkavu, wa majani. Nyuma yake utamu mdogo, kama ganda la mkate. Siki hakuna. Hata chembe.

Saa nane na dakika hamsini. Witness hapokei. Nimemwandikia: zuia. Tiki moja, haijamfikia. Nimepiga tena. Mara nne.

"Mbona jasho?" — Respicius. "Painti moja tu, Mchaga umelewa?"

Saa tisa na dakika tatu. Imetoka. Jina lake kwenye kichwa cha habari, langu chini yake.

Saa tisa na dakika kumi. Tajiri katoka ofisini, simu mkononi, anasoma huku anatembea. Kasimama mbele ya pampu. Respicius hajui kuwa imeshatoka, anamtabasamia — tangu nimjue sijaona meno yake — na anamvutia glasi. Kabla ya kumpa, anaonja.