Kitabu cha Mama Hakiazimwi Mara Mbili

Oloipiri, 4 Machi 2024

Mama, shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi na mume wangu hatujambo. Mama, kile kitabu ulichoniazima kwenye simu kimetoweka! Nilifika pale mjane anachungulia mlangoni, anamwona mumewe aliyemdhani amekufa. Niliacha simu ofisini kwa walimu ichaji, kurudi, hakipo. Nitumie tena, tafadhali.

Mwanao Angela

Karatu, 6 Machi 2024

Marahaba mwanangu. Miguu inanibeba, namshukuru Mungu. Nimemuuliza kaka yako Noel, maana ndiye aliyeninunulia. Anasema kitabu hicho kinaazimwa mara moja tu, wiki mbili, kisha kinarudi kwangu chenyewe. Hakikubali kunakiliwa, hata kukiuza siwezi. Nikamwambia, "Basi si changu." Akacheka: "Ni chako kusoma mama, si chako kugawa." Njoo ukisomee hapa.

Mama yako

Oloipiri, 9 Machi 2024

Shikamoo mama. Pole na kupanda mahindi. Niambie tu mwisho: alimfungulia mlango? Nije vipi, nawe ulisema Metui asikanyage kwako, kisa tulioana bila kukuambia? Bila mume wangu siji.

Mwanao Angela

Karatu, 2 Aprili 2024

Mwanangu, hamjambo huko? Siumwi. Kila nikianza kukujibu, nafuta. Mwisho wa kitabu sikuambii. Maneno yale niliyasema kwa hasira. Niliumia kusikia habari za ndoa yako kwa majirani. Njooni wote wawili. Metui anakula samaki?

Mama yako

Oloipiri, 3 Aprili 2024

Shikamoo mama. Samaki hali, ila usijisumbue. Shule imefungwa. Tunakuja Ijumaa!

Angela wako

Karatu, 10 Aprili 2024

Wanangu, natumaini mmefika salama, vumbi la hifadhini halikuwachosha. Angela, ulivyokililia kitabu, hukukifungua hata ukurasa. Tuliongea mpaka sauti ikanikauka. Lakini mumeo aliniomba simu, akawa anakaa nami jikoni nikipika, akasoma mpaka mwisho. Jana asubuhi, ukiwa bado unafunga mizigo, alinirudishia akijifuta macho. Akasema, "Mama, yule mjane alichelewa sana kufungua mlango." Nikamjibu, "Ndiyo mwanangu. Tunachelewa." Tukaiacha chai ikachemka mpaka ikamwagika.

Nimemkataza kukusimulia zaidi, nawe usimbane. Mkija tena mtakaa nami, usome mwenyewe.

Mama yenu