Parsele ya Hewa Bora

Kitwe, tarehe 3 mwezi wa tatu 2019

Tata mupenzi,

Salamu nyingi kutoka kwa mutoto wako. Siye huku tuko bazima. Ngosa, bwana yangu, anakusalimia, na kile kikohozi chake cha vumbi la mbao kimepungua. Wewe je, goti linasemaje? Juzi nilikupigia simu, ukaniuliza "nani?" mpaka uniti zikaisha. Njo maana naandika. Guelord, yule dereva wa lori, atakuletea barua mukononi akivuka mupaka wa Kasumbalesa.

Tata, kuko habari kubwa. Serikali ya huku imetupa kazi ya madawati elfu moja na mia mbili, ya shule. Mukataba umetiwa sahihi, mihuri mitatu. Batatulipa siku tisini baada ya kupokea muzigo. Tumekwisha kuchukua bafanyakazi kumi na moja. Lakini mbao tununue siye benyewe, na benki inataka riba ya kutumaliza.

Nakuomba kitu kigumu. Uza ule upande wa nyuma wa parsele, wa kiwanja chako, pale unapolima mboga za lengalenga. Nitakurudishia yote, na kitu juu. Wewe ulinifundisha kulipa.

Mutoto wako,
Germaine


Lubumbashi, Hewa Bora, tarehe 25 mwezi wa tatu 2019

Mama Germaine, mutoto wangu,

Jambo sana, wewe na bwana yako. Goti linaniuma asubuhi, muchana linasahau. Masikio yamekufa, tusidanganyane.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale unaposema serikali itawalipa. Nilipokuwa kijana kwenye atelier, karakana ya reli, shaba ilikuwa na bei, na Leta yetu, serikali, ilikopa kwa kila muzungu mwenye benki. Bei ikaanguka, Leta ikashindwa kulipa. Bakubwa balienda Paris kupanga deni upya, balirudi, balienda tena. Siye tukasema hayo ni mambo yao na bazungu. Noeli ya 1979 radio ikatangaza: noti za zaire tano na za kumi zimekufa, kuko siku chache za kuzibadilisha, na kila muntu kiasi chake tu. Bantu balirudi kutoka benki na mifuko yao imejaa karatasi. Miaka ya tisini Leta ikaacha kabisa kulipa bale ba inje, huku ndani ikachapisha noti sifuri juu ya sifuri. Mwaka 1993 bakaleta noti mupya, moja kwa milioni tatu za zamani. Asubuhi niliacha makuta, pesa ya kununua unga, mezani, jioni yakawa ya chumvi. Leta ikikosa makuta, inatafuta muntu wa chini amalizie.

Lakini mutoto ninaye mumoja. Nimeuza ule upande wa nyuma, dola elfu tisa, utazipata kwa agence ya kutuma makuta. Mununuzi amekwisha kupandisha ukuta, jua la jioni halifiki tena kwenye veranda.

Tata yako,
Godefroid


Kitwe, tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 2020

Tata,

Natumaini korona haikukugusa, na kwamba unakula vizuri. Nisamehe kukaa kimya. Kila mwezi nilingoja nikuandikie na habari ya makuta.

Madawati tulimaliza, yalipokelewa, karatasi ninazo. Siku tisini zimekuwa miezi kumi na sita. Mwezi uliopita radio ikasema serikali ya Zambia imeshindwa kulipa riba kwa bazungu benye dhamana zake. Nilipanda bisi mpaka Lusaka. Kwenye dirisha la ofisi muhasibu hakunifokea hata kidogo, na njo kitu kilichoniumiza.

"Mama," akasema, "bale balitukopesha mamilioni ya dola tumebaambia bangoje. Wewe wa madawati, tukuambie nini?"

"Nina bafanyakazi kumi na moja."

"Baambie bangoje na wao."

Mwanzoni tulibalipa kidogo kidogo. Sasa ni miezi saba hatujabapa kitu. Kila siku ya Jumatatu banakuja kusimama kwenye geti. Chilufya ni yule mama anayepaka vanishi. Anakaa chini, anavua viatu, anangoja mpaka saa sita, anaenda. Mwenye nyumba amemutoa, analala na batoto kwa dada yake.

Ngosa anasema tuuze mashine kimyakimya, tuvuke mupaka, tuanze upya huko. Nimechoka, Tata. Nimekubali. Siye habatatulipa kamwe, sasa siye tutalipa na nini? Kosa si letu, ni la serikali. Tutafika mwezi wa kwanza. Tutengenezee chumba cha mbele.

Mutoto wako,
Germaine


Hewa Bora, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2020

Germaine, mama yangu,

Niko muzima. Hiki ninachokuandikia nimekichana mara nyingi, lakini Guelord iko anangoja na injini inawaka, safari hii kitaenda.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka ishirini na sita. Tulikuwa na likelemba, bantu tisa ba atelier: kila mwezi kila mumoja anatoa fungu, na mumoja anabeba yote, zamu kwa zamu. Mushika-makuta nilikuwa mimi, sababu nilisoma kwa mapadri na balinitumaini. Zamu ya Desemba ilikuwa ya Madeleine. Bwana yake alikuwa mwenzetu, alikufa kazini, na yeye akaendelea kutoa fungu lake kwa kuuza samaki. Alipewa miezi mitatu atoke kwenye nyumba ya kazi. Alikuwa amekwisha kupatana bei ya parsele na muzee mumoja. Makuta yake yalikuwa kwangu, ayachukue baada ya Noeli.

Radio ikasema yale niliyokuandikia. Kila muntu kiasi kimoja tu, na akiba yangu peke yake ilitosha kukijaza. Madeleine akaja mbio.

"Godefroid, nipe yangu nikapange mustari mwenyewe."

"Kaa na batoto, dada. Nitakubadilishia mimi."

Nilipanga mustari siku mbili, nikabadilisha yangu. Siku mulango wa benki ulipofungwa nilimurudishia noti zake, zimekufa. Nikamwambia Leta imekula. Hakubisha. Angebisha namna gani? Leta ilikuwa imekula ya muji muzima.

Mwezi wa pili yule muzee akatafuta mununuzi mwingine. Mununuzi ni mimi. Ni hapa, Germaine. Ni parsele hii, ni nyumba yenye ulizaliwa ndani. Madeleine alienda kukaa Kasumbalesa na batoto wake batatu, binti yake Adolphine na wengine wawili. Mama yako alikufa bila kujua.

Ukimwambia Chilufya kwamba serikali imekula, atakuamini, maana nusu yake iko kweli. Hiyo nusu mimi nimekaa ndani yake miaka arobaini. Uza mashine, lakini ubalipe kwanza. Usije hapa mbele ya kubalipa.

Tata yako,
Godefroid


Kitwe, tarehe 17 mwezi wa pili 2021

Tata,

Sina nguvu ya salamu ndefu. Mwili uko muzima.

Barua yako ilinikuta mashine zimekwisha kuuzwa na mizigo imefungwa. Nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nikaita bantu bote kumi na moja, nikabalipa mbele ya Ngosa. Chilufya alihesabu mara mbili, akavaa viatu, akaniambia asante kama vile nilimupa zawadi. Nikasikia haya kuliko siku zile za geti.

Kesho yake Ngosa alichukua makuta yaliyobaki, akaenda Solwezi kutafuta kazi. Simu yake haishiki tangu hapo. Sasa nauza vitumbua kwenye uzio wa shule. Kupitia dirisha naona batoto bamekaa juu ya madawati yangu.

Mimi nimefanya ulichosema. Sasa zamu yako, Tata. Mutafute Madeleine. Muambie kweli. Umupe nusu ya nyumba, ao vyumba viwili tu apangishe. Ulinikataza kuja mbele ya kulipa. Na wewe uko umekaa humo namna gani?

Germaine


Hewa Bora, tarehe 30 mwezi wa tatu 2021

Mutoto wangu,

Nakusalimia. Habari ya Ngosa imeniumiza, atarudi.

Hilo jambo lingine nimelifikiri. Ni miaka arobaini na moja. Zaire ya makuta haiko, hata Zaire ya inchi haiko. Nitahesabu deni kwa noti gani? Nikigawa nyumba, huu uzee nitaupeleka wapi? Pensheni yangu haifiki hata kwa dawa. Pengine Madeleine amekwisha kufa, ao amesahau. Nikipata kitu siku moja, nitaona. Kwa sasa angoje. Mambo ya zamani tumwachie Mungu.

Uniandikie.

Tata yako,
Godefroid


Kitwe, tarehe 11 mwezi wa nane 2024

Tata,

Guelord ananiambia uko unatembea na fimbo sasa, na kwamba kila safari unamuuliza kama kuna barua. Mimi niko muzima. Ngosa hakurudi.

Nilinyamaza zaidi ya miaka mitatu sababu barua yako ya mwisho nilikuwa nimekwisha kuisikia Lusaka, kwenye lile dirisha, karibu neno kwa neno. Yule muhasibu hata alikuwa na adabu kukupita.

Serikali ya huku imepatana na wadai wake ba inje. Balikata, balisogeza miaka, balipeana mikono kwenye televisheni. Kisha, kidogo kidogo, zamu ikafika kwa bantu kama mimi. Mwezi wa sita bamenilipa madawati, kwa kwacha ileile iliyoandikwa kwenye mukataba wa 2019, bila kuongeza hata ngwee. Dola zako elfu tisa wakati ule zilinipa kwacha elfu mia moja na nane. Kwacha hizo leo hazileti hata dola elfu nne na mia mbili. Habakuniibia, Tata. Balinichelewesha tu, na kuchelewesha kulitosha.

Hata hivyo, katika malipo yote nilitenga dola zako elfu tisa kamili, za kukurudishia. Nilipanda gari mpaka Kasumbalesa. Nilimupata Adolphine pale malori yanapopanga mustari, amekaa na meza yake ya kubadilisha makuta. Nilipotaja jina lako alifunga meza. Alinipeleka kwa mama yake.

Madeleine iko muzima. Ana miaka sabini na tano, anauza makala, makaa ya kupikia, kwa kopo, macho yake yanaona. Nilimwambia yote: benki, mustari, parsele. Nilimuhesabia dola zote hadi ya mwisho. Hakulia, na hakunishukuru. Aliuliza tu ile avenue, ile barabara, siku hizi inaitwa namna gani.

Deni langu kwako limeisha. Nimelipa kwa mwenyewe.

Germaine


Hewa Bora, tarehe 2 mwezi wa tisa 2024

Germaine,

Sina malalamiko juu ya makuta. Nakuandikia ujue yaliyotokea, maana hakuna muntu mwingine wa kumwambia.

Madeleine alikuja jana baada ya misa, Adolphine amemushika mukono. Nilimujua kwa kutembea kwake. Nikaleta kiti, akakaa kwenye veranda akaangalia ukuta wa jirani, kisha mulango, kisha mabati. Alikunywa maji. Alisema kwa nguvu, sababu binti yake alimwambia masikio yangu hayashiki, na nafikiri avenue nzima ilisikia.

Nilianza: "Madeleine, mwaka ule Leta ilitufanyia—"

Akanikata. "Achana na Leta. Leta haikuniambia nikae na batoto."

Kisha nikamwambia achukue nyumba, tuende kwa chef wa kartie, mukubwa wa mutaa, tuandike karatasi, mimi nitatafuta pa kukaa. Nilisema kweli, Germaine. Miaka mitatu nyuma ningekuwa nadanganya, jana nilisema kweli.

"Batoto wangu batatu balikulia chini ya turubai Kasumbalesa," akasema. "Wawili nimebazika. Nyumba nitaifanyia nini leo, Godefroid? Nifagie?"

Adolphine alitaka kusema, alimuzuia kwa mukono. Aliinuka. Mulangoni akauliza nyumba ina vyumba vingapi.

"Vinne," nikamwambia.

"Mwaka ule mimi nilitaka viwili tu," akasema, na bakaenda.

Nilisimama hapo mpaka bakapinda kwenye kona. Leo asubuhi jirani wa ukuta hakunisalimia. Funguo ya chumba cha mbele nimeiacha kwa Guelord, akupe. Ukitaka kuja, ukuje. Mimi sitakuita.

Tata yako,
Godefroid