Ndugu wa Kunyonya

Tehran, 4 Mei 2023

Mjomba wangu mpenzi,

Salaam alaykum na shikamoo nyingi. Moyo unaendeleaje? Dawa unazimeza, au unazificha chini ya mto kama binti yako Adila anavyokushtaki? Sisi huku wazima, na wajukuu wanakuamkia.

Nina habari kubwa. Muhsin ameteuliwa kuwa waziri. Yule katibu mwembamba uliyemwoza mpwa wako amekuwa gavana, akawa mbunge, na sasa hili. Bunge litampigia kura mwezi ujao. Wapinzani wanamtafutia doa, lakini watachoka. Wanakumbuka alivyomwangusha yule waziri aliyeficha ndoa ya haramu. Alisimama bungeni akasema, "Anayedanganya mlangoni pa chumba chake atadanganya mlangoni pa hazina." Mpaka leo watu wanayarudia maneno hayo.

Tuombee dua. Na mwambie Mama Ashatu, shali lake linakuja.

Mpwa wako,
Mezi

*

Bagamoyo, 16 Mei 2023

Mezi mwanangu,

Marahaba, na alaykum salaam. Dawa nameza, ila daktari amemwambia Adila maneno ambayo hakutaka niyasikie, nami nikayasikia. Barua hii anakuja nayo jirani yetu Jasmin, anayekwenda ziara Mashhad. Isome ukiwa peke yako.

Unajua kwamba mama yako alifariki alipokuzaa, na kwamba nilikupeleka Mlingotini kwa Ashatu, ambaye alikuwa amezika mtoto wake wiki ileile. Usilolijua ni kwamba hukunyonya peke yako. Baba yake Muhsin alikuwa mwalimu wetu wa dini hapa, aliyekuja kutoka Bushehr, Iran. Mkewe alijifungua akashikwa na homa, maziwa yakakauka. Mimi ndiye niliyembeba mtoto yule mpaka kwa Ashatu. Wewe ulipewa ziwa la kulia, yeye la kushoto, mpaka mlipoota meno. Kisha wazazi wake wakarudi naye kwao.

Siku ya ndoa yenu kule Qom, ulikokuwa unasoma, wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa vitani. Shekhe aliniuliza mimi mbele ya watu, "Je, kati yao kuna undugu wa kunyonya?" Nikajibu, "Hakuna."

Ulikuwa yatima, naye alikuwa kijana mwenye nyota. Nilijiambia kuwa Mungu ana mambo makubwa zaidi ya kuangalia. Nimefundisha watoto miaka mingi kusema kweli, na hilo nilikaa nalo.

Ndoa yenu haikuwahi kuwa ndoa. Kwa sheria ya dini, walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu; Muhsin ni ndugu yako. Watoto wenu hawana doa, maana mliwazaa bila kujua. Aliyejua ni mimi peke yangu; hata Ashatu hakuambiwa kwamba mumeo ndiye mtoto yule. Lakini sasa na wewe unajua, na kuanzia leo kila siku inayopita ni juu yetu sote wawili. Ningetaka kukuambia ungoje mpaka kura ipite. Sina haki hiyo.

Mjomba wako,
Aliasgar

*

Tehran, 7 Juni 2023

Kwa Bwana Aliasgar,

Barua yako imepokelewa na kusomwa. Inafahamika kwamba wewe ni mgonjwa na kwamba kumbukumbu zako zimechanganyika. Unatakiwa uandike kwa mkono wako kwamba maneno yale yalitokana na homa. Wajumbe wawili watafika Bagamoyo kuchukua maandishi hayo. Watakwenda pia kwa bibi wa Mlingotini. Usimwambie mtu mwingine yeyote.

Mehzabin, mke wa Muhsin

*

Bagamoyo, 14 Juni 2023

Mezi mwanangu,

Hukuniamkia. Tangu ulimi wako ulipofunguka hujawahi kuninyima shikamoo, hata siku niliyokuchapa kwa kuvunja saa ya babu yako. Kwa hiyo najua kuna mtu aliyesimama nyuma ya kiti chako. Basi barua hii nawaandikia nyote wawili.

Wajumbe walifika jana, vijana wenye adabu na mashati yaliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Mmoja anakijua Kiswahili. Niliwaambia siandiki. Niliulizwa mara moja, nikasema uongo. Sitaulizwa mara ya pili nikaurudia.

Wakaniomba niwapeleke kwa Ashatu, wakidhani nitamlainisha. Adila akaja kunishika mkono. Ashatu alikuwa uani anakuna nazi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, ila ulimi ni uleule.

"Bibi," kijana akasema, "weka dole gumba hapa. Ni karatasi tu ya kusema hukumnyonyesha yule mtoto wa mwalimu."

"Nisimnyonyeshe nani? Yule aliyening'ata?"

"Sasa ni mtu mkubwa, bibi."

"Alikuwa mkubwa tangu hapo! Akimaliza lake, analilia la mwenzake. Mbaruku mume wangu akimwita Bwana Kodi."

Adila akacheka. Kijana hakucheka. Akamwekea mkekani boksi lenye zulia la thamani. Ashatu akalipapasa, akalisukuma kwa mguu.

"Huyo mwanangu ana mdomo?"

"Anao, bibi."

"Basi aje mwenyewe aniambie kwa mdomo huohuo kwamba hakunyonya hapa. Nikimsikia, nitaweka dole. Vidole vyote kumi nitaweka."

Yote hayo wameyarekodi kwenye simu. Muhsin, baba, sikiliza mpaka mwisho.

Mjomba wenu,
Aliasgar

*

Mlingotini, 5 Julai 2023

Mjomba,

Salaam alaykum. Shikamoo. Hiyo ni ya leo, na ile ya mwezi uliopita niliyozuiwa kuiandika.

Ulikisia sawa. Muhsin alisimama nyuma ya kiti, akanitajia kila neno.

Alimsikiliza Mama Ashatu. Aliyarudia maneno ya mwisho kwenye simu, akayarudia tena, akitafsiriwa. Kisha akasema ushahidi wa mzee mgonjwa na ajuza asiyeona hautoshi kisheria. Nikamuuliza, "Yule waziri ulimwangusha kwa ushahidi wa nani?" Akaniomba ningoje kura, nikamwambia nimekwisha hama chumba.

Asubuhi ya kura nilikuwa nafunga sanduku. Aliingia bila kubisha, nami kichwa ki wazi. Nilirukia mtandio kama mtu aliyeingiliwa na mgeni, maana nilidhani sasa ndivyo alivyo kwangu. Akanishika mkono, taratibu.

"Usijifunike," akasema. "Kwangu huna haja tena. Mimi ni kaka yako."

Sheria anaijua, Mjomba. Aliijua vizuri kuliko mimi. Kisha akatengeneza ukosi wa shati, akaenda bungeni. Nilimtazama kwenye runinga ya uwanja wa ndege. Mbunge mmoja alimuuliza kuhusu nyumba yake, akajibu, "Nyumbani kwangu hakuna kilichofichwa." Wakampigia makofi. Ni waziri.

Mama Ashatu aliniuliza, "Mwenzako hajambo?" Nikamwambia hajambo, ana kazi nyingi. Akasema, "Atakuja." Anamwekea kiti kila siku. Sijui nimwambie nini.

Niko hapa siku ya sita, na kwako si mbali. Adila kanipigia simu, anasema huli. Sijakusamehe. Najaribu, kisha nawakumbuka wanangu, nashindwa. Ijumaa baada ya sala nitakuja, nitakaa mbele yako, nawe utalijibu tena swali la shekhe, nikikusikia kwa masikio yangu.

Meza dawa. Usife kabla sijafika.

Mpwa wako,
Mezi