Risasi Ngumu na Kola ya Koti

Jumatatu, 5 Februari 1979

Baridi ya kukata masikio. Kondoo majike wanazaa mfululizo, silali.

Koyote kachukua mwanakondoo mwingine, zizi la chini. Kabakiza miguu. Mbweha wa huku hawana haya kabisa — mmoja anamvuta mbwa wetu Argi kule mlimani, mwenzake anakuja kuiba huku. Mbwa mmoja, hata awe mkubwa kama ndama, hawezi kuwa pande mbili. Koldo mwanangu kasema atatafuta wa pili. Tangu lini anasema!

Darlene, mke wake, kakaa jikoni kwangu na vyombo vyake anatengeneza risasi. Grisi kwenye kitambaa changu cha meza. Mmarekani huyu tumeshindwa kumfundisha kupika maharagwe, lakini bunduki anaijua, hilo simnyimi. Nikamuuliza kwa nini lazima ziwe zile za ncha laini. Kasema ngozi yake ya shaba ni nyembamba, ikiingia ndani ya koyote inapasuka vipande vipande. Mnyama anaanguka palepale, na hakitoki kitu upande wa pili. Nikamwambia zinaharibu manyoya, zinaacha tundu la kupitisha ngumi. Akacheka. Kasema yeye anaua wezi, hashoni makoti.

Hashoni makoti. Haya.

Jumanne, 6 Februari

Shoga yangu Milagros kapiga simu toka mjini Boise. Harusi ya mjukuu wake ni baada ya Pasaka, Wabaski wenzetu wote wa Marekani hii watakuwepo. Yeye kashonewa kitu cha hariri. Akaniuliza kama nitakuja na lile koti langu jeusi, lile la mazishi ya mume wangu Anastasio. Kauliza kwa sauti ya huruma. Huruma yake aipeleke kwingine!

Koti ni zima. Linataka kola tu. Kola ya koyote wa milima yetu, manyoya ya katikati ya baridi, mazito, ya rangi ya majivu. Mwezi ukiisha yanaanza kunyonyoka. Nimeteremsha mkebe wa marehemu toka juu ya kabati. Risasi zake ngumu zimo bado, shaba mpaka kwenye ncha. Tulipokuwa tukiishi kwenye gari la wachungaji, tukihama na kondoo, alitumia hizo kwa ajili ya ngozi. Zinapita kama sindano. Bunduki ni ileile, ilikuwa yake kabla ya kuwa ya Darlene.

Jumatano, 7 Februari

Nimebadilisha.

Baada ya chakula, wote wako kwenye televisheni. Bunduki inakaa mlango wa nyuma. Nimetoa zake, nimetia za Anastasio. Zake ziko mfukoni mwa aproni. Sikumwambia. Angenipa somo, na mimi somo la bunduki nilipewa kabla mama yake hajazaliwa. Halafu nyumba ni ya nani?

Alhamisi, 8 Februari

Argi kapigwa risasi. Mkono umekataa kuandika.

Ijumaa, 9 Februari

Haya, niandike.

Ilikuwa jana, hakujapambazuka vizuri. Argi akabweka mlimani, Darlene akanyakua bunduki mlangoni kama kawaida, hakuangalia ndani. Na aangalie nini, kaijaza mwenyewe! Koyote alisimama kwenye uzio wa chini, mwanakondoo mdomoni. Darlene akapiga. Koyote hakuanguka, alikimbia kidogo. Akapiga ya pili, akaanguka. Ndipo tukasikia kilio. Nilidhani ni mtoto. Argi alikuwa anateremka kwa kasi nyuma ya vichaka, mweupe ndani ya theluji, nani angemwona. Bega lote damu.

Wakamfunga kwenye blanketi wakakimbia naye mjini kwa daktari wa mifugo. Mjukuu wangu Maite akaenda nao, kichwa cha mbwa mapajani. Mimi nikabaki.

Niliyoyafanya nilipobaki: nimetoa za Anastasio kwenye bunduki, nimerudisha za Darlene. Kisha nimemchuna koyote haraka, kabla mtu hajamtazama. Ya pili ilimpata kichwani. Ya kwanza imeingia mbavuni na imetoka mbavuni, tundu kama punje ya dengu huku, tundu kama punje ya dengu kule. Haikukosa. Imepita ndani yake ikaenda kwa mbwa. Ile laini ya Darlene ingeishia mlemle ndani.

Darlene anaamini ya kwanza ilimkosa koyote. Hali chakula. Kasema mtu asiyeangalia kilicho nyuma ya shabaha asishike bunduki. Koldo akamjibu kwamba hata kipofu angesubiri kuche. Mbele ya mtoto! Siku nyingine ningemwosha Koldo kwa maneno mpaka atafute mlango. Jana nilikoroga supu ya kitunguu saumu. Nilikoroga mpaka mkate ukayeyuka.

Jumamosi, 10 Februari

Koyote wamechukua wengine wawili. Hakuna mbwa, wanatembea hapa kama wamealikwa. Darlene hagusi bunduki, ulinzi kamwachia Koldo na ya kwake. Koldo akilenga koyote, wa kuogopa ni ndege. Kundi lote linazaa na sina wa kulilinda.

Risasi ya Argi bado imo begani. Daktari anangoja apate nguvu kwanza.

Ngozi nimeiwamba kwenye ubao bandani. Nzuri. Nzuri mno, Milagros angeumwa na wivu. Nikiishika najikuta najifuta mkono kwenye aproni.

Jumapili, 11 Februari

Misa. Sikwenda kupokea komunyo. Maite kaniuliza kwa nini, nikasema tumbo. Nimesema uongo kanisani, kwa mtoto.

Nje wanawake wakatuzunguka, habari zimefika. Wakauliza ilikuwaje. Darlene kawaambia yeye mwenyewe, wazi, bila kulia, kwamba ni yeye, alipiga bila kuangalia. Mmoja akaguna. Wakanitazama mimi, mwenye shamba, niseme neno. Nilikuwa navaa glavu zangu. Glavu mbili tu, lakini nilizivaa kwa muda mrefu sana.

Jumatatu, 12 Februari

Leo nimeamua. Nimempelekea supu chumbani. Nilishapanga neno la kwanza.

Alikuwa kakaa kitandani, bunduki imefungwa kwenye shuka. Akanisogezea. Akasema, "Ichukue, Mama. Baba aliniamini nayo, nami nimemwaibisha."

Na mimi nikasema nini? Nikamgombeza kwamba supu inapoa! Kwamba mwanamke asiyekula hana nguvu wala akili. Nikatoka na bunduki kwapani kama mwizi.

Anastasio angekuwepo angeutazama mkebe, kisha angenitazama mimi.

Jumanne, 13 Februari

Theluji. Mwanakondoo mwingine kapungua. Sikuingia bandani.

Jumatano, 14 Februari

Daktari kapiga simu mapema. Argi yu hai. Mguu wa mbele umekwenda, wameukata. Koldo na Darlene wakaenda kumchukua, mimi nikatandika magunia karibu na jiko na nikapika wali wa maziwa, sijui kwa ajili ya nani. Mbwa hali wali wa maziwa.

Wamerudi sasa hivi. Koldo kambeba mpaka kwenye magunia, kisha katoka kuangalia majike. Argi kanitambua. Kapiga mkia sakafuni! Kwangu mimi.

Darlene hakuvua koti. Katoa mfukoni kichupa kidogo cha vidonge, kakiinamisha juu ya kitambaa cha meza. Ikadondoka risasi, daktari kampa, ndiyo iliyotoka begani. Shaba tupu, ncha imepinda kidogo, nzima. Akavuta droo, akatoa moja ya zake, ya ncha laini, akailaza kando. Akazitazama zote mbili. Kisha akatazama juu ya kabati, kwenye mkebe.

"Zangu hazitoki nzima, Mama," akasema.

Basi. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza, kwa kelele najua la kufanya.

Nikamwambia asubiri, nichukue miwani niitazame vizuri. Nimekuja chumbani, nimekaa kitandani, naandika hapa. Mlango uko wazi. Namwona mgongo, kakaa mezani, hajasogea. Mkono mmoja kauteremsha anamsugua Argi masikio.

Koldo karudi. Anakung'uta theluji kwenye viatu mlango wa nyuma. Anauliza mbona kimya. Darlene ananingoja mimi niseme mwenyewe.

Miwani ninayo usoni.