Saa Nne na Nusu Hadi Moscow

Mpendwa Shangazi Kanyshai, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana hapa ninapoandika mama mkwe yuko jikoni anakanda unga, akitokea tu nimekwisha. Mimi ni Begimai wa hapa mjini Osh, nina mimba ya miezi minane, mume wangu Ulan anajenga maghorofa Moscow na hajarudi tangu majira ya baridi, na mama mkwe amesikia kwa watu kwamba ameonekana na mwanamke huko, basi amekata shauri niende nikajifungulie hukohuko, Ulan amwone mtoto wake kabla hajatekwa na mwanamke huyo moja kwa moja. Nikimwambia ni mbali ananicheka: "Mbali nini? Ndege saa nne na nusu tu! Mimi nilimzaa Ulan malishoni juu mlimani, na kesho yake nikapanda farasi."

Shangazi, ni kilomita elfu tatu, na sehemu kubwa huko chini ni nyika tupu ya Kazakhstan, uchungu ukinishika pale katikati nani atanipokelea mtoto? Wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, hospitali ilikuwa jirani tu, na bado tulimzika.

Jumatano tulikwenda uwanja wa ndege. Mama mkwe alinivika koti lake la manyoya kuficha tumbo, na jua lote lile, binti wa kaunta akaona jasho linavyonitiririka, akauliza, "Dada, mimba ya miezi mingapi?" Mama mkwe akadakia, "Mitano! Huyu ni mnene tu, anapenda kula." Tumbo likakaza kama jiwe, nikaketi juu ya sanduku nikimwomba Mungu ndege isiruke, na kweli wakatangaza dhoruba huko Moscow, safari ikaahirishwa hadi Jumamosi. Niliporudi nyumbani nikaona damu. Kidogo tu. Sijamwambia mtu, kwa sababu nisipokwenda nitampoteza Ulan, na nikienda nitampoteza mtoto. Nifanye nini?

Begimai, mimi ni Shangazi Kanyshai, nakujibu: damu ni jambo la kuandikia barua? Nilipofika mstari huo niliacha kusoma, nikapiga namba ya simu uliyoandika chini ya barua. Ulipokea kwa kunong'ona. Nikakuambia, "Mwite mama mkwe, umwambie mwenyewe, nami nasikia." Ukamwambia. Nikamsikia akilia, "Damu tangu Jumatano na umenyamaza? Kwani mimi mnyama?" Palepale akaenda kutafuta gari.

Huyo si adui yako, mwanangu. Anaogopa kupokonywa Ulan, kama unavyoogopa wewe. Lakini ubishi wake na ukimya wako nusura vimzike mtoto wa pili.

Sasa umelazwa, na daktari anasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Kaa hapo. Usishuke kitandani mpaka akuruhusu, hata mama mkwe akija na tiketi mpya. Koti lilimdanganya binti wa kaunta, tumbo halidanganyiki.

Kuhusu Ulan, mpigie leo. Mwambie kuhusu damu, mwambie hospitali gani. Usimuulize habari za mwanamke. Muulize anafika lini. Ndege zinazokwenda Moscow hurudi Osh, njia ni ileile, na yeye hana mimba. Akija, mtazungumza ya mwanamke uso kwa uso. Asipokuja, utakuwa umejua mume uliyenaye, na utalijua hilo ukiwa umempakata mtoto aliye hai.

Piga sasa hivi.